Sheria ya Sikio: siku tatu njiani kwenda kwa shangazi Minza

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni Bariadi ananiuliza ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa vipande vimeanza kugombana. Nasikia kuna mtaa wanasema nimeacha dini, na mtaa mwingine wanasema nimemrudisha shangazi kanisani nimembeba mgongoni. Basi nimekaa chini niyaandike yote kwa pamoja, na atakayesoma amsimulie mwenzake kama yalivyo.

Kwa ambao hawakuwepo siku ile, naanza na kosa langu.

Mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu kubwa ya miaka hii imekuwa kuvisha ng'ombe hereni za plastiki zenye namba. Jumapili mchana nafundisha darasa la Biblia la watu wazima kanisani kwetu. Shangazi Minza, dada yake baba, ndiye aliyenilea mama alipofariki, ndiye aliyenifundisha kusali, na miaka sita hii alikuwa akikaa kwangu Bariadi na kuhudhuria darasa langu akiwa mstari wa mbele.

Tulikuwa tukisoma sheria za Musa, tukafika penye sheria ya mtumwa. Inasema hivi kwa kifupi: mtumwa atumike miaka sita, wa saba aende zake huru. Lakini kama bwana wake ndiye aliyempa mke, mke na watoto wanabaki kuwa mali ya bwana. Mtumwa akisema anampenda bwana wake, mke na watoto, hataki kwenda, basi apelekwe mlangoni, atobolewe sikio, awe mtumwa milele. Nimewasikia wahubiri wengi wakiligeuza andiko hili kuwa somo la mapenzi: mtumwa anampenda bwana wake mpaka anatoa sikio, nasi tuwe hivyo kwa Mungu. Nikaona mimi nina kitu ambacho wahubiri wale hawana. Nikaenda darasani na koleo langu la kuvishia hereni.

Nililiinua juu, nikalibana, likalia kama linavyolia zizini, nikauliza nani yuko tayari kuvishwa hereni ya Bwana. Darasa lilicheka mpaka machozi. Mikono ikanyooshwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja mbele akaniletea sikio kabisa. Nakiri nilijiona mwalimu hodari.

Shangazi hakucheka. Alisimama akishikilia benchi la mbele, akaniuliza mbele ya wote, "Mbuke, Mungu aliyeweza kukataza nguruwe, alishindwa nini kukataza mtu kumiliki mtu?"

Nikasema tutalijibu wiki ijayo, kama tunavyosema walimu tukibanwa. Wiki ijayo haikufika. Alhamisi alifunga nguo zake akarudi kijijini, ng'ambo ya Mwanhuzi, na Biblia niliyomnunulia akaiacha juu ya kitanda. Miezi miwili baadaye binamu yangu akanipigia simu kuniambia kwamba shangazi hasali tena. Halali na sala, haamki na sala, hata chakula anakula hivihivi. Mwanamke aliyekuwa akisali mpaka chai inapoa na sisi watoto tunafungua jicho moja kuangalia mkate! Nilikaa na simu mkononi, nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Nikamwambia mchungaji sifundishi tena mpaka nimfuate shangazi na jibu. Mchungaji wetu ni mtu mwema. Alinipa jibu moja la kuanzia, nikaliandika kwenye daftari: kwamba utumwa wa wakati ule haukuwa huu tuliousoma shuleni, ulikuwa kama utumishi wa ndani, mtu ana chakula chake na haki zake. Nikaweka daftari kwenye begi, nikavaa buti zangu za kazini kwa sababu ya matope, nikaondoka.

Maswa: mahindi ndani ya mkoba

Njia fupi ya kupitia Itilima ilikuwa imekatwa na maji, ndiyo maana nilizungukia Maswa. Bariadi hadi Maswa ni lami, nilifika mapema nikajisifu. Stendi wakaniambia magari ya Mwanhuzi hayatoki, udongo mweusi wa mbuga umelainika, nijaribu kesho. Nikachukua chumba mtaa wa Binza, na kwa kuwa tumbo halijui habari za barabara, nikanunua hindi la kuchoma nikaegemea ukuta wa nyumba ya jirani nikaanza kulitafuna.

Mlango wa nyumba ile ukafunguka, akatoka mama mmoja wa rika langu amejitanda mtandio. Hapo ndipo nikakumbuka ni mwezi wa Ramadhani na mimi namtafunia mtu mbele ya mlango wake. Nikalitumbukiza hindi kwenye mkoba. Hindi lilikuwa limetoka jikoni sasa hivi. Tukiwa tunasalimiana, moshi ukaanza kutoka kwenye zipu.

"Dada, mkoba wako unaungua," akasema.

Nikasema hauungui. Ukazidi kutoa moshi. Ikabidi nilitoe hindi pamoja na kitambaa changu cha mkononi kilichokuwa na tundu jeusi katikati. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniambia saumu ni yake, si yangu, nile, na jua likizama nirudi tufuturu wote.

Anaitwa Bi Zaituni. Ni mtu wa Pangani, amepangiwa kazi ya afya Maswa, ana miaka kumi na moja huku na bado analalamikia maji ya kisima na bei ya nazi. Alinipa uji wa pilipili manga, tambi za sukari, na viazi vitamu vya hukuhuku alivyovitia tui la nazi kutoka kwao. Nilikula kama mtu aliyefunga. Aliponiuliza naenda wapi nikamweleza yote, pamoja na koleo, na nikamsomea jibu la mchungaji.

Alilisikiliza akitikisa kichwa. Akaniambia chuoni, yaani madrasa aliyosoma utotoni, walifundishwa kwamba kumwacha mtumwa huru ni thawabu kubwa, na kuna makosa ambayo fidia yake ilikuwa hiyo, kumfungulia mtu. Alikuwa akijivunia sana jambo lile. Halafu akiwa msichana mkubwa bibi yake akamwambia kwamba nyumba yao ilikuwa na watu wa kununuliwa, waliosali safu moja na mababu zake, na baada ya sala wakarudi kubeba maji.

"Mlango wa kuwatoa tuliwekewa, dada, nasi tukauegemea kwa mgongo," akasema. "Sasa mimi nikisoma yale, simtetei Mungu. Wala hajaniomba nimtetee. Naona haya kwa ajili ya waliouegemea."

Nikamwuliza kwa nini Mungu asingeuondoa ukuta wote, badala ya kuweka mlango. Akaniongezea uji. Akasema hilo analo mwenyewe moyoni na halijapata pa kukaa, ila saumu anafunga na swala anasali. Tulipoagana alinifungia viazi vya njiani. Chumbani niliandika maneno yake chini ya yale ya mchungaji, nikaona daftari langu lina majibu mawili na swali bado ni zima.

Maswa hadi Mwanhuzi: vifaranga na mashudu

Asubuhi nilipata lori la mashudu lililokuwa likipeleka chakula cha ng'ombe kwa wanenepeshaji wa Mwanhuzi. Dereva alinikubali kwa sababu ya buti zangu. Alisema mtu mwenye buti hizi hatalia tukikwama. Ndani ya kabini alikuwepo tayari mzee mmoja mwembamba aliyepakata boksi lenye matundu, na ndani ya boksi vifaranga wakipiga kelele. Mwinjilisti mstaafu, jina lake Sospeter, anarudi nyumbani kuanza ufugaji baada ya miaka thelathini na minne ya kuhubiri. Nikawaza: Mungu amenifikisha kwenye jibu lenyewe.

Tulikwama tukiwa tumebakiza kama nusu ya njia. Mnaoijua mbuga nyeusi ikinyeshewa hamhitaji maelezo. Gurudumu la nyuma lilizama mpaka kwenye ekseli, dereva akazima injini, akavua viatu, akaenda kwa miguu kutafuta watu wenye maksai wa kutuvuta. Tulikaa pale muda wa saa tano. Mvua ikaja ya ubaridi, vifaranga wakaanza kusinzia vibaya, na hapo kazi yangu ikanisaidia. Nilimwambia mzee tusipowapa joto atafika na boksi la mizoga. Tukawagawana, wengine ndani ya koti lake, wengine ndani ya kitenge changu kifuani. Mjue basi kwamba mjadala mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya juu ya maandiko niliufanya huku kifaranga ananidonoa kwapani.

Mzee Sospeter alikuwa na jibu lake limenyooka. Mungu, alisema, aliwakuta watu wakiwa na mioyo migumu, akaenda nao polepole. Aliwatoa Misri ili wajue utumwa unauma. Aliwapunguzia hapa, akawabana pale, mpaka mitume wakafundisha kwamba mtumwa na bwana ni ndugu. Mbegu ilipandwa, ikachelewa kuota. Alilisema vizuri sana, kwa sauti ya mimbari, na nikaona hili lina nguvu kuliko la mchungaji wetu.

Nikamwuliza swali la shangazi. Nguruwe hakukatazwa polepole. Alikatazwa siku moja, kwa neno moja, na watu wakaacha. Uzinzi vilevile. Kwa nini hili tu ndilo lililoendewa taratibu?

Alinikasirikia. Akasema mambo ya Mungu si ya kuhojiwa kama mwizi mbele ya sungusungu, na kwamba shangazi yangu anahitaji kutubu, si kujibiwa. Nami nikakasirika, nikamwambia basi achukue vifaranga wake. Akasema niwarudishe. Tulitazama matope kila mtu na dirisha lake, lakini kifaranga hakuna aliyemtoa, wangekufa.

Mvua ilipopungua akatoa mfuko wa karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akanisogezea bila kuniangalia. Tukala. Matobolwa ni matamu ukiwa na njaa na hasira. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ya kawaida, wala siyo ya mimbari tena.

"Binti yangu, sura ile sijawahi kuihubiri," akasema. "Nilikuwa naruka ukurasa. Mwaka baada ya mwaka, nikifika pale naruka. Sasa kama jibu nililokupa ningeliamini mwenyewe, ningeruka kwa nini?"

Nilimwona mtu mzima akikiri jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha, nikamheshimu kuliko nilipokuwa nikimwona hodari. Dereva alirudi na maksai sita na wenyewe wanne, tukavutwa, tukafika Mwanhuzi jua linakuchwa. Vifaranga walikuwa hai wote isipokuwa mmoja. Mzee Sospeter aliponiaga aliniomba kitu kimoja, kwamba nitakapofika kwa shangazi nisiruke.

Mwanhuzi hadi kijijini: ng'ombe waliofichwa

Mwanhuzi nililala tu, sina la kuwasimulia zaidi ya chai ya maziwa mazito ambayo sisi wa Bariadi tumesahau ladha yake.

Bodaboda ilinifikisha mtoni ikashindwa kuendelea. Mito ya kule mnaijua, juzi ni mchanga mtupu watu wanachimba visima ndani yake, leo ni maji mekundu yanabeba magogo. Tulikuwa watu kama kumi na watano tumekaa ukingoni tukingoja yapungue. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja alichomeka kijiti kwenye mchanga penye ukingo wa maji, na kila baada ya muda anakwenda kukitazama, maji yamerudi nyuma kiasi gani. Saa nane mchana akasema twende, tukashikana mikono, tukavuka, maji yakaniishia kiunoni. Daftari nilikuwa nimelifunga kichwani kwa kanga.

Kutoka mtoni hadi kijijini ni mwendo wa saa moja. Hapo nikaona mambo ya ajabu. Kila nilipokaribia boma, ng'ombe walikuwa wanaondoka. Nikiona kundi mbele yangu, mtu anatokea anawaswaga kuelekea kwenye ngitili, lile eneo la majani wanalolitunza kwa kiangazi na ambalo msimu huu hakuna anayeingiza mnyama. Nikisalimia, naitikiwa kwa upole mwingi. Nikiuliza nyumba ya Minza, hakuna anayeijua. Binamu yangu aliniambia kijiji kizima kinamjua, nami kila ninayemwuliza anatazama juu kama anahesabu ndege.

Mwanamume wa nne ndiye aliyeniokoa, kwa kunionea huruma. Alikuwa amesimama mbele ya zizi tupu lenye kinyesi kibichi. Tulisalimiana kwa Kisukuma, kuulizana amani.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," akasema. Kisha akatazama buti zangu na begi langu lenye nembo ya idara. "Mayu, sisi hapa hatuna ng'ombe."

Nikaelewa. Walidhani nimekuja kuvisha hereni. Nilimwambia sikuja kwa ajili ya ng'ombe, nimekuja kumwona shangazi yangu, nikamfungulia begi aone hakuna koleo. Alilitazama ndani mpaka chini. Akapumua, akaanza kucheka, akaniita ndani nipumzike. Wakati nakunywa maziwa ya mgando nikamwuliza, kwa kuwa kazi ni kazi, kwa nini hereni zinawasumbua hivyo. Hakunipa sababu za mikutanoni nilizozoea. Alisema ng'ombe wake wana alama ya ukoo tayari, mkato wa sikio la kushoto, na mtu akiweka alama yake juu ya alama yako anakuambia kwamba mnyama si wako tena.

"Sikio likishakatwa, hata akitoroka akafika mbali, kila mtu anajua amrudishe kwa nani," akasema. "Ndiyo kazi ya sikio."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na nne. Nimeyasema maneno hayo mwenyewe kwenye mafunzo, kwa lugha ya ofisini. Na sijawahi hata siku moja kuyaweka juu ya sikio la mtu. Nilikaa pale na kibuyu mkononi, maziwa yakanishinda.

Kwa shangazi Minza

Alikuwa anachambua nsansa uani, yale majani makavu ya kunde, akitupa vijiti pembeni. Hakushtuka kuniona. Aliniambia nivue buti, nikae kama mtu wa nyumbani. Akaniletea maji ya kuosha miguu, na nilipotaka kuongea akasema kwanza tule.

Aliweka ugali wa mtama, nsansa ya karanga, akanawa, akamega. Hakuinamisha kichwa. Miaka arobaini na moja ya umri wangu sijawahi kumwona akimega ugali bila kusali kwanza. Mkono wangu ukakwama juu ya sahani. Aliuona, akaendelea kutafuna.

Sikuweza kungoja. Nikafungua daftari, lililokuwa limelowa pembeni, nikamsomea. Nilipomaliza la mchungaji, kwamba mtumwa wa zamani alikuwa na chakula na haki zake, akasema hata ng'ombe ana chakula. Nilipomweleza la Bi Zaituni akasema mama huyo ana akili, nimsalimie. Nilipofika la mzee Sospeter, kwamba Mungu alienda nao polepole, akauliza polepole kwa nani. Nikasema kwa watu. Akasema, "Kwa wenye watumwa. Mtumwa naye alikufa kabla hawajafika."

Nikafunga daftari. Nilimwambia sina jingine.

Akaondoa vyombo. Alipokaa tena akanieleza jambo ambalo baba yangu alikufa bila kuniambia, na ambalo kwenye ukoo wetu halitajwi. Bibi yake shangazi, yaani mama wa babu yangu, hakuwa wa ukoo huu. Alinunuliwa akiwa msichana wakati wa njaa, akaletwa kutoka ng'ambo ya mto Sibiti kwa vikapu vya mtama. Akazaa watoto wanne katika nyumba ile. Miaka ikapita, kaka zake wakamtafuta mpaka wakampata, wakaja na mbuzi kumkomboa. Bwana wa nyumba hakukataa. Alisema mnaweza kumchukua, lakini watoto ni wangu. Bibi akaondoka na kaka zake mpaka mtoni. Akasimama pale. Akarudi peke yake. Bwana yule akasema kwa kuwa amejichagulia mwenyewe, basi ajulikane, akamkata sikio la kushoto kama ndama.

"Nililala naye kitanda kimoja nikiwa mdogo," shangazi akasema. "Nilikuwa nikilishika sikio lile ndipo napata usingizi. Maisha yangu yote nilijua yule mwanamume alikuwa katili, na kwamba Mungu hakuwa upande wake. Siku ile darasani ndipo nikajua ameandikiwa ruhusa kwenye Biblia. Neno kwa neno, Mbuke. Mlango umefunguliwa, watoto wamebaki ndani, halafu wanasema amependa. Na wewe, mwanangu, ukabana koleo, watu wakacheka."

Nililia. Sikulia kwa adabu. Nilimwomba msamaha nikiwa nimeshika miguu yake, naye akaniacha niishike, hakuniambia ninyamaze. Halafu akasema amenisamehe siku nyingi, kwamba mimi si shida yake. Nikauliza jina la bibi yule. Akasema nyumba ile walimwita kwa jina la ng'ombe jike aliyekufa mwaka ule. Jina alilopewa na mama yake hakulisema hata mara moja. Shangazi aliwahi kumwuliza, akajibiwa kwamba limebaki kule.

Nikasema, "Shangazi, sheria ile ilikuwa mbaya." Lilikuwa jambo dogo kusema na lilinitoka kwa shida, kwa sababu mtu aliyenifundisha kuheshimu kila herufi ya kitabu kile ni yeye.

Alinitazama. Akasema, "Usiniambie mimi. Mimi nalijua. Mwambie yeye."

Nilidhani sijamwelewa. Akarudia. Akasema watu wote niliowaandika kwenye daftari wamesema juu ya Mungu, wamemweleza, wamemfunika, wamemwonea haya, lakini hakuna hata mmoja aliyemgeukia akamwambia. Kama yeye ni wa haki atasikia neno la haki. Kama hawezi kulisikia, basi tusimsumbue tena, wala yeye asitusumbue.

Naogopa vitu vichache, nyinyi mnanijua. Nimeingiza mkono kwenye ng'ombe aliyekwama kuzaa huku anarusha teke. Lakini pale niliogopa. Nilikuwa nimekuja siku tatu kumtetea Mungu, na sasa natakiwa nimshitaki, na nyuma yangu kuna darasa, kuna mchungaji, kuna baraza la wazee. Niliwaza kusema tutalifanya kesho. Nikakumbuka nilivyosema wiki ijayo, nikapiga magoti pale uani juu ya vijiti vya nsansa. Shangazi akapiga magoti kando yangu, kwa shida, akishika bega langu.

Nikasema hivi, na ninayaandika kama nilivyoyasema ili asiwepo wa kuyakuza. "Mungu, sheria ile haikuwa nzuri. Kama ni wewe uliyeisema, nakuambia haikuwa nzuri. Kama ni watu waliokusingizia, ulinyamaza mno. Kuna mama yetu mmoja alisimama mtoni. Jina lake sisi hatulijui, wewe unalijua. Hakumpenda bwana wake. Aliwapenda watoto wake, na mimi ni mmoja wao. Nilimcheka bila kumjua. Nakuomba unisamehe, na nakuomba unijibu, kwa sababu siwezi kukuacha na siwezi kunyamaza."

Maneno yakaniisha. Anga halikupasuka. Mbuzi wa jirani alikuwa akilia, na mtu mahali fulani alikuwa anapasua kuni. Nilikuwa nikivuta pumzi niseme amina nimalize, ndipo mkono wa shangazi ukanibana begani.

"Ngoja," akasema. "Na mimi nina maneno."

Akaanza. Kwa Kisukuma, polepole, kisha kwa nguvu, akimtaja Mungu kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia kanisani, akimwuliza, akimgombeza, akinyamaza kama anayengoja kujibiwa, akianza tena. Jua lilihama kutoka ukutani mpaka mlangoni, hajamaliza. Vijiti vilinichoma magoti, miguu ikafa ganzi, na mimi nikabaki nimefumba macho yote mawili, sikuthubutu kusema amina kabla yake.